Ubavu wa Kushoto

"Magreti Anselmi! Toka kwenye benchi la wajawazito. Nenda kakae kule kwa wagonjwa."

Muuguzi, aliyekuwa amekwisha kumpima, hakuwa na ubaya. Asubuhi ile pale Kilosa alikuwa na foleni ndefu ya wanawake wa kuwapima, na sauti yake ilikuwa imezoea kupita juu ya vilio vya watoto. Lakini benchi zima liligeuka. Magreti akainuka, akaishika kadi yake ya kliniki kwa mikono miwili, akavuka ua na tumbo lake mbele, akaenda kukaa kati ya mzee mwenye kikohozi na kijana aliyejikata kwa panga. Nafasi aliyoiacha kule ilizibwa mara moja.

Ndani, mganga msaidizi aliyeitwa Filipo alimlaza kitandani akampapasa. Alianza chini upande wa kulia, akapanda polepole kuelekea mbavu za kushoto, akimwambia avute pumzi, aachie, avute tena. Vidole vyake vikasimama kwenye ukingo wa kitu kigumu. Alichukua kalamu ya wino akachora mstari juu ya ngozi, akiufuata ukingo ule mpaka chini ya kitovu.

"Nani alikuambia una mimba, mama?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Sasa wewe ulijuaje?"

"Mwezi ulikatika. Kisha tumbo likatoka."

"Linacheza?"

Magreti alikuwa na miaka kumi na mmoja ndani ya ndoa na hajawahi kubeba mtoto. Angejuaje mtoto anavyocheza? Mara mbili tatu alikuwa amehisi kitu, na kila mara aliamua kwamba ndicho.

"Hii ni bandama," alisema Filipo.

"Bandama? Kama ile ya mbuzi?"

"Hiyo hiyo. Kila mtu anayo, hapa, nyuma ya mbavu. Ikiwa nzima, mkono hauipati. Damu yako yote inapita humo. Chembe zilizochakaa inazikamata na kuzivunja, zilizo nzima inaziacha ziende zake. Na ugonjwa ukiingia kwenye damu, bandama ni mojawapo ya mahali unapopigwa vita." Akaacha kupapasa, akanawa mikono. "Ninyi ni wale mlioteremshwa kutoka milimani mwaka jana?"

"Ndiyo, dakta."

"Kule juu mbu walikuwa wachache. Hapa bondeni malaria inawaingia kila wakati, na kila ikiingia bandama inafanya kazi. Imefanya kazi mno, ndiyo maana imekuwa kubwa hivi. Na ikishakuwa kubwa haichagui tena, inavunja hata damu nzima. Ndiyo sababu umepauka. Ndiyo sababu hata mwezi umekatika."

Alimfungia vidonge vya klorokwini ndani ya kipande cha gazeti, akamweleza namna ya kumeza siku tatu za mwanzo, kisha kila Jumapili, asiruke hata moja, kwa miezi mingi.

"Itapungua taratibu, irudi mahali pake. Lakini usibebe mzigo mzito, na usianguke. Ikipigwa ikapasuka, utamwaga damu humo humo ndani bila mtu kuona. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Dakta, na tumbo?"

"Litakwisha," alisema Filipo kwa furaha, kama mtu anayetoa habari njema. Naye kwa hakika alidhani anatoa habari njema.

*

Ni lazima tuwatendee haki watu wa kijiji kile: hakuna aliyesema uongo. Huko walikotoka, mimba haitajwi. Mwenye tumbo hasemi, na wenzake hawamuulizi, maana kuuliza ni kuiita husuda ije ikae mlangoni. Tumbo la Magreti lilipoanza kuonekana, mama mkwe wake, Marselina, hakusema neno. Alimpokonya ndoo tu mkononi, akaenda mtoni mwenyewe. Wanawake wengine walipoona Marselina, mjane mwenye mgongo mbovu, anateka maji huku mkamwana amekaa, wakafahamu walichofahamu. Na Magreti alipoona wote wamefahamu, naye akafahamu. Kosa likakua hivyo, kwa adabu njema kabisa.

Aliporudi kutoka Kilosa siku ile, Marselina alikuwa amemuwekea kigoda kivulini, na maji ya kunawa miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Jua lote hili! Kaa. Wamesemaje huko?"

Hapo ndipo alipokuwa na nafasi. Vidonge vilikuwa vimefungwa kwenye pindo la kanga, vikimgonga pajani kila alipopiga hatua. Lakini katika miaka kumi na mmoja Marselina alimwita "wewe", au "mke wa Anselmi", au hakumwita kabisa. Hilo "mwanangu" lilikuwa na miezi minne tu.

"Wamesema nisibebe mzigo," alijibu Magreti.

"Si nilijua! Hapa hushiki hata ufagio."

Magreti alikula ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano yaliyoletwa kwa meli mwaka ule wa njaa, akamshukuru mama mkwe wake, na vidonge akavichomeka kwenye nyasi za paa upande wa ndani. Alijiambia atavianza Jumapili. Jumapili ikaja, akajiambia nyingine.

Msimtukane haraka. Kumbukeni maisha yake yalikuwaje kabla ya tumbo. Katika safu zile za nyumba mpya, zilizopangwa kwa kamba mpaka mtu akakosa mahali pa kujificha, kila mlango ulikuwa na mtoto isipokuwa wake. Kwenye shamba la kijiji aliwekwa mwisho wa mstari. Mume wake alikuwa amepata kibarua cha kukata miwa upande wa Kidodi, akawa anakuja mwisho wa mwezi kwa gari moshi lililopita Mikumi, anakaa siku mbili, anarudi. Siku nyingine Magreti alisikia sauti yake mwenyewe anapoita kuku tu.

Sasa alikuwa na kazi ya heshima. Verdiana, kiongozi wa akina mama, ambaye alijua kupanga watu kuliko alivyojua kuwasikiliza, alimwondoa kwenye jembe akampa watoto wadogo awatunze kivulini wakati mama zao wakipalilia. Aliwaosha, aliwalisha uji, aliwalaza juu ya magunia. Aliyempenda zaidi alikuwa Agnesi, binti wa jirani yake Ida, mwenye miaka mitatu, mpole mno, ambaye alipenda kulala kifuani pake kuliko kucheza. Kila mtu alisema Magreti ana mkono wa mama. Homa ilimjia kila baada ya siku chache, akatetemeka, ikaondoka, naye akaendelea kuwa mtu.

*

Anselmi alikuja mwisho wa mwezi, saa ya mchana, shati limemgandia mgongoni. Kwenye kifurushi alichobeba mlikuwa na sukari, sabuni, na mbeleko mpya ya bluu. Hakuitaja. Aliilaza kitandani kama kitu alichokiokota njiani, akatoka nje haraka.

Magreti alimfuata. Anselmi alikuwa anarekebisha mlango ambao haukuwa na kasoro.

"Baba, nilitaka tuongee."

"Ongea."

"Kuhusu hili..." Alishindwa kulitaja, maana kwa desturi halina jina.

Anselmi alicheka, akainama juu ya nyundo kuficha uso. "Usiseme. Kule kambini na mimi sijasema. Lakini wameona ninavyocheka peke yangu kwenye miwa, wamejua wenyewe. Kuna mmoja, Ulimboka, ana watoto sita, ananifundisha namna ya kumbeba mtoto mchanga. Anatumia fungu la miwa." Akagonga msumari. "Nilidhani mimi ndiye mwenye kasoro, unajua. Miaka yote hii."

Hakuwahi kumwambia hivyo. Magreti alimpenda, na kwa kumpenda hivyo akanyamaza. Kesho yake Anselmi alipoondoka alimsindikiza mpaka mwisho wa safu ya nyumba, akarudi, akajilaza juu ya mbeleko ile, akalia mpaka ubavu wa kushoto ukamchoma.

*

Wiki tatu baadaye homa ilikuja na haikuondoka. Marselina alimkuta asubuhi amekaa sakafuni, midomo myeupe, anaongea na mtu asiyekuwapo. Alimvua nguo akaanza kumkanda kwa maji. Mikono yake ilipita begani, kifuani, tumboni. Tumboni ikasimama.

Marselina alikuwa amezaa watoto wanane na kuzika watano. Alibonyeza kulia: laini. Alibonyeza kushoto: gumu kama ubao, lenye ukingo. Alisubiri. Aliweka sikio. Alipoinua kichwa, Magreti alikuwa anamtazama kwa macho yaliyorudiwa na akili.

"Mama, si mtoto. Ni bandama. Walishaniambia Kilosa."

"Lini?"

"Miezi miwili sasa. Dawa iko pale kwenye paa."

Marselina alipanda juu ya kigoda, akavitoa vidonge, akamtia vinne mdomoni kwa vidole vyake, akamnywesha maji. Alimfunika, akakaa mlangoni akitazama nje mpaka jua likawa kali. Kisha, bila kugeuka, akasema, "Wamenicheka miaka kumi na mmoja kwa sababu yako. Nilikuwa nimepumzika."

"Nisamehe, mama."

"Tumbo litaisha?"

"Litaisha."

"Basi lazima liishe kwa namna inayofahamika."

Magreti hakuelewa, homa ilikuwa bado imemshika. Alielewa siku ya pili, alipoamka mwili umepoa na kusikia jembe linachimba nyuma ya nyumba. Kwao, mtoto asiyetimia huzikwa na bibi wa nyumba peke yake, mahali penye unyevu, na hakuna anayeomba kuona. Marselina aliingia na udongo magotini.

"Nimefunga kitambaa, nimekizika. Watakuja mchana. Wewe utalala, utageukia ukuta. Siku tatu tu. Hakuna atakayetucheka, wewe, wala mimi, wala mwanangu."

"Mama, mimi siwezi."

"Uliweza miezi miwili," alisema Marselina, wala hakusema kwa ukali. Alikuwa amechoka, naye kwa njia yake alikuwa anamhurumia.

*

Walikuja wote. Waliacha majembe nje, wakaketi sakafuni wamenyoosha miguu, wakajaza chumba kwa joto la miili yao. Walileta unga, kuni, na kipande cha nyama ya mbuzi. Hawakusema sana. Mmoja alimshika Magreti mguu, akaushika tu. Na yeye, akiwa amegeukia ukuta, aligundua kwamba analia kweli. Alimlilia yule ambaye hakuwapo, na hakuwahi kuwa na upweke kama huo, kupewa pole na watu wote kwa msiba usiokuwa wake.

"Mungu atakupa mwingine," alisema Verdiana.

"Amina," walisema wote.

Ida alikuwa amekaa karibu na kichwa chake, na Agnesi amelala mapajani. Mtoto alikuwa anahema kwa haraka. Mwanamke mmoja alisema, "Huyu naye tumbo limemzidi." Ida akajibu, "Ni yanga hii. Inawajaza watoto matumbo, nguvu haina." Wakakubaliana kwamba yanga ni chakula kibaya, wakaanza kuongea habari za yanga.

Magreti aligeuka kutoka ukutani. Alilitazama tumbo lile lililovutika upande mmoja. Aliitazama midomo ya Agnesi, ambayo aliilisha uji miezi yote ile na kuiona inapauka, na akasema ni rangi yake. Viganja navyo vilikuwa vyeupe. Aliwaona wanawake waliojaa mpaka mlangoni, wanaotaka kwa wema apumzike, na mama mkwe wake ameketi pembeni, mikono imefumbatana, anamwomba kwa macho.

"Ida, nipe nimshike."

Ida alimpa, nani angemnyima mfiwa? Magreti alianza chini upande wa kulia, akapanda polepole, akasubiri mtoto avute pumzi. Ukingo ulikuwapo. Uligonga kidole chake kama mlango uliofungwa kwa ndani.

"Mpeleke Kilosa leo," alisema. "Si yanga hii. Ni bandama. Malaria imeifanya ivimbe, sasa inamla damu. Usimwache aanguke, ikipasuka atakufa."

"Wewe umejuaje?" aliuliza Verdiana.

Marselina alitikisa kichwa, kidogo tu.

"Kwa sababu ndiyo niliyo nayo. Sikuwa na mtoto. Nyuma ya nyumba hakuna kitu, ni kitambaa." Akafunua kanga mpaka mbavuni, mbele yao wote. "Shikeni. Gusa hapa, Verdiana. Miezi yote ni hii."

Verdiana hakugusa. Hakuna aliyegusa. Aliyekuwa ameushika mguu wake aliuachia, akaufuta mkono kwenye nguo. Ida alimnyakua Agnesi, akasimama.

"Kumbe hukuwa na kitu! Na mwanangu unamlaza kifuani kila siku! Sasa unataka naye awe na ugonjwa wako?"

"Ida, nakuomba. Nichukie, lakini mpeleke."

"Usimtaje mwanangu!"

Walitoka mmoja mmoja. Unga waliuacha, maana kurudisha kilicholetwa msibani ni aibu, hata kama msiba wenyewe haupo. Marselina alibaki pembeni mpaka wa mwisho alipotoka. Kisha aliinuka, akachukua ndoo, akaisukuma kwa mguu hadi kitandani kwa Magreti.

"Ukipona, maji utateka mwenyewe," alisema, akaenda chumbani kwake.

*

Ida hakumwambia mtu, lakini alfajiri ya kesho yake alionekana akipita njia ya Kilosa, mtoto mgongoni, akitembea nusu akikimbia. Walikaa huko siku tisa. Agnesi alirudi na vidonge, na amri ya kumeza kila Jumapili. Baada ya hapo Filipo mwenyewe alikuja kwa baiskeli, akawapanga watoto mbele ya ghala la kijiji, akawapapasa mmoja mmoja. Aliwakuta wengi wenye bandama kubwa. Verdiana alisimama kando yake akiwaita majina, na kwa jinsi alivyokuwa akiyaita ungedhani wazo lilikuwa lake.

Ida hakuja kushukuru. Alibadilisha njia ya kwenda mtoni. Magreti alirudishwa kwenye jembe, mwisho wa mstari, na watoto wa kivulini akapewa mtu mwingine. Alimeza dawa yake kila Jumapili kwa maji aliyoyateka mwenyewe, kibuyu kwa kibuyu, maana ndoo ilikuwa bado nzito kwake. Tumbo likapungua. Kila wiki lilipungua mbele ya macho ya kijiji kizima, nao walilitazama linavyopungua. Damu ikamrudia usoni. Wasiomjua wangesema amependeza. Nyumbani, Marselina alipika chungu chake, yeye akapika chake, kwenye moto mmoja.

Aliyemwogopa zaidi alikuwa bado hajaja. Mwezi wa kwanza Anselmi alituma sukari tu. Mwezi wa pili hakutuma kitu. Magreti akajua habari zimemfikia, maana habari za namna ile hazikosi nauli. Aliikunja mbeleko akaiweka juu ya sanduku la mume wake, ili akija kuchukua vitu vyake asipate shida ya kuuliza.

Alikuja siku ya Jumamosi mchana. Magreti alikuwa anapepeta mahindi nje. Alimwona kwa mbali, akitembea katikati ya safu za nyumba, na watu wakimwamkia kwa upole uliozidi kiasi. Hakuingia kwanza kumwamkia mama yake. Alikuja akaketi juu ya kinu kilicholazwa, akavua kofia.

"Nimekaa Mikumi siku nzima ya jana," alisema. "Gari moshi lilikuja, likaondoka, mimi nimekaa. Sikujua nikifika hapa nitasema nini."

"Sema tu."

"Ulimboka aliniuliza mtoto amefika? Nikamwambia bado. Kila siku namwambia bado." Alizungusha kofia mikononi. "Ulijua nilipokuja na ile nguo?"

"Nilijua."

"Ukaniacha nicheke."

"Ulikuwa hujawahi kucheka hivyo."

Magreti akarudia kupepeta, kwa kuwa mikono ilihitaji kazi. Makapi yalipeperuka kati yao. Alikuwa amekwisha kujiandaa kwa ukali, na kwa kusikia habari za mke wa pili. Hata maneno ya kumkubalia alikuwa ameyapanga.

"Iko wapi?" aliuliza Anselmi.

"Nini?"

"Hiyo bandama. Watu wote wanaijua isipokuwa mimi."

Magreti aliweka ungo chini. Mchana kweupe, majirani wakitazama, aliuchukua mkono wa mume wake, uliojaa makovu ya majani ya miwa, akauingiza chini ya kanga mpaka ubavu wa kushoto. Ilikuwa imerudi juu karibu na mbavu. Akavuta pumzi ili ishuke, akauongoza mkono mpaka kwenye ukingo.

Anselmi alipapasa taratibu, kwa woga, kama anayegusa kitu cha mwenyewe asiyekuwapo.

"Ilikuwa inauma?" aliuliza.

Magreti alitaka kusema hapana. "Iliuma sana," alisema. "Iliuma sana, Anselmi, na nilikuwa peke yangu."

Mkono haukuondoka.